Sauti ya Tatu Iko Katumba

Jumanne, 22 Julai 2025

Naandika kwenye kaunta buku kwa sababu kompyuta haina kitu. Haina! Miaka kumi na moja ya kazi, imebaki nyeupe kama sahani iliyooshwa.

Taratibu, Salvatori. Usipayuke.

Jana alikuja Elia. Elia ni bwana kilimo hapa Kibaoni, ndiye mwalimu wa kwaya tangu nilipojitoa. Amekaa kwenye benchi, kofia mkononi. Parokia inafanya jubilei tarehe 31 Agosti na Paroko anataka iimbwe Misa niliyoitunga mimi. Yangu! Siku hii nimeisubiri miaka miwili. Nikakohoa kidogo, nikamwambia nitafikiria. Kufikiria gani? Alipokata kona tu nikakimbilia kuwasha kompyuta.

Ikagoma. Skrini ya bluu, Kiingereza kingi, halafu machaguo mawili. La kwanza, tunza vyako — nikabonyeza, ikasema nafasi haitoshi. La pili, futa kila kitu, ianze upya kama ilivyotoka kiwandani. Ningeweza kumpigia Elia simu, hajafika hata sokoni. Lakini nimwambie nini? Kwamba Mwalimu Salvatori, miaka thelathini na mbili anafundisha hesabu, kashindwa na kimashine? Halafu flashi ninayo. Kila wimbo niliuburuta kwa mkono wangu nikauweka humo.

Nikabonyeza.

Ikazunguka saa mbili nzima. Halafu ikanisalimia kama mgeni, ikaniuliza jina langu nani.


Jumatano, 23 Julai

Flashi ina majina sitini na matatu. Nimeyahesabu. Bwana Utuhurumie lipo, Utukufu lipo, Mtakatifu lipo, Mwanakondoo lipo. Nikibonyeza jina, inasema faili halionekani. Yote sawasawa.

Za karatasi hakuna. Nilizichoma mwenyewe nyuma ya nyumba, mwaka juzi. Sitaki kuandika habari hiyo leo.

Nimepika ugali wa watu wawili. Mkono umezoea.


Alhamisi, 24 Julai

Mpanda. Basi la asubuhi, hifadhini mbung'o wameingia madirishani wakatushughulikia mpaka Sitalike. Kompyuta nimeipakata njia nzima kama mtoto mgonjwa.

Fundi anaitwa Zablon, kibanda chake kiko nyuma ya stendi. Ana heshima. Ameichomeka flashi, akaangalia, akavuta pumzi. Kumbe kule kote kuburuta nilikuwa naweka shotikati! Alama tu za kuonyesha njia. "Mwalimu," ananiambia, "ni sawa umeandika kwenye karatasi: mchele uko stoo. Karatasi unayo. Stoo imeungua."

Wateja wawili wamecheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje.

Anasema si kila kilichofutwa kimepotea. Ana programu ya kuchokonoa. Nisiiwashe tena, niiache kwake hadi Jumatatu. Nimerudi mikono mitupu. Kwenye basi sikujua mikono niiweke wapi.


Ijumaa, 25 Julai

Hakuna habari. Nimefagia ua mara mbili.


Jumapili, 27 Julai

Misa ya kwanza. Nimekaa nyuma kabisa karibu na mlango, mahali pangu siku hizi. Kwaya imeimba vibaya — hapana, humu niwe mkweli. Imeimba vizuri.

Jioni Agatha amepiga simu kutoka Mwanza, kwa Faith, binti yetu. Mjukuu kapewa simu akaniambia "mbuzi". Ndilo neno lake jipya. Nikamwuliza Agatha anarudi lini. Akasema mtoto ana mafua. Mke wangu aliondoka Agosti mwaka juzi kwenda kulea miezi mitatu. Mafua hayo!

Sikumwambia habari ya kompyuta. Yeye akaniuliza kama nimeshaenda Katumba. Huwa anauliza. Nikasema mtandao unakatika.


Jumatatu, 28 Julai

Sina raha kabisa. Niandike tu.

Zablon amepata mafaili elfu nne na zaidi, hayana majina, yana namba tu. Picha nyingine zimekatika katikati, juu sura za watu, chini kijivu. Nyimbo, hakuna hata mmoja. Yale mafaili ya nota yamefunguka yakatoa alama za ajabu, mistari na miraba. Kajaribu mbele yangu hadi kijasho kikamtoka. "Za nota, Mwalimu, nikuambie ukweli, hazirudi."

Akasema lakini kuna sauti. Zamani nilikuwa nayarekodi mazoezi kwa kompyuta, nisikilize makosa nyumbani. Zimepatikana tatu, mbili zinavuma tu. Akabonyeza moja, spika ameiweka mlangoni kuvutia wateja.

Ni Mtakatifu. Kwaya yangu, sauti zote nne! Nywele zimenisimama. Nikaomba karatasi haraka niandike. Halafu wimbo ukasimama, ikaja sauti ya kijana: "Samahani Mwalimu. Hapa alto wako kwenye fa, sisi sauti ya tatu tuko kwenye so. Tunagongana. Tukienda la inakaa."

Halafu sauti yangu. Kubwa, inasikika vizuri sana.

"Mkimbizi hawezi kunifundisha mimi nota."

Benchi limeburuzwa, nyayo, mlango. Halafu kimya kirefu. Zablon akagonga kibodi, akasema faili limeharibika hapa, sauti imekatika. Halikuharibika. Ndivyo ilivyokuwa.

Alikuwepo mama mmoja anasubiri simu yake itengenezwe, muda mfupi kabla nilimsikia anaongea Kirundi na mwenzake. Ameinuka. Kamwambia Zablon simu ataifuata kesho. Hakunitazama.

Zablon akauliza, Mwalimu, huyu anayegomba ni nani?

Nikasema simjui.

Jogoo hakuwika. Ni bodaboda tu walikuwa wanapiga honi.


Jumanne, 29 Julai

Haya. Yote, mara moja, nisirudie.

Pacifique alikuja Kibaoni kulima mpunga. Kwao ni Katumba, yale makazi ya wakimbizi wa zamani karibu na Mpanda. Wazazi wake walikimbia Burundi mwaka sabini na mbili, yeye kazaliwa Katumba, kasoma Katumba, uraia anao kama mimi. Sauti ya tatu kama ile sijapata nyingine. Ndiye aliyekuwa ananipandishia Misa ile mpaka mimi mwenyewe nikaona kumbe nimetunga kitu.

Juni mwaka juzi, Jumamosi, mazoezini, watu kumi na tisa, nikamwita vile. Akakunja karatasi yake mara nne, akaitia mfukoni, akatoka. Mwezi huohuo akahama, akarudi kwao.

Katarina, mwenyekiti wa kwaya, akanifuata nyumbani. Alisema mbele ya Agatha: "Mwalimu, kamwombe radhi." Mimi! Nikajibu kwamba kwaya hii niliianzisha na watu saba na kinanda kibovu. Nikajitoa. Na kwa kuwa nota ni mali yangu nikadai karatasi zote zirudishwe, kila mtu ya kwake. Wakaleta kimyakimya. Nikachoma. Nilitaka waje waniombe.

Agatha alisimama mlangoni wakati moto unawaka. Aliimba alto miaka yote hiyo. Agosti akaenda Mwanza.


Jumatano, 30 Julai

Elia kapita. Nimemweleza kompyuta ilivyokuwa. Hakucheka, ningependa angecheka. Anasema wanakwaya wanakumbukakumbuka, ila kila mtu kipande. Kosa langu tena. Kuna kwaya iliwahi kutuibia wimbo, tangu hapo nikawa nawapa karatasi ya sauti yao tu, na picha ya simu nikapiga marufuku. Mwenye soprano haijui alto. Mwizi asipate nyimbo nzima. Basi na mwenyewe sipati!

Mtu atasema, si ulitunga wewe? Ndiyo. Na kuni hizi nilizipasua mimi, nitaje kila kipande?

Besi ninayo, niliiimba mwenyewe. Nimeiandika leo asubuhi yote. Sauti moja.


Ijumaa, 1 Agosti

Nimekwenda kwa Katarina. Miaka miwili tunasalimiana kwa mbali tu. Alikuwa anaanika mpunga, hakuacha. Nikasimama kwenye jua kama mdaiwa. Nikamwambia, Mama, nota zimepotea. Akasema amesikia. Nikamwambia nyie mlionirudishia karatasi, hakuna aliyebaki na nakala?

Akaacha reki. Akaingia ndani. Katoka na kitabu cha sala, katikati yake soprano nzima, Misa yote, safi!

"Na zile ulizonirudishia?"

"Zile zilikuwa maelekezo ya mbolea," akasema. "Hukuangalia. Ulikuwa na hasira, unachoma tu."

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Yeye akacheka kidogo. Halafu akaacha, akaniambia: "Yangu nimekupa. Ya tatu unajua iko wapi."


Jumapili, 3 Agosti

Safari hii nimepiga mimi. Nikamwambia Agatha kila kitu, hata simu ya yule mama pale kwa Zablon. Nikafikiri kweli mtandao umekatika.

Akasema: "Kalamu unayo?"

Akaniimbia alto. Yote. Bwana Utuhurumie mpaka Mwanakondoo, mjukuu anapiga kelele pembeni, yeye anarudia mstari nikimwomba, mimi naandika simu nimeibana begani. Sauti yake imezeeka kidogo. Dakika thelathini na nane tumekaa hivyo. Sijakaa na mke wangu dakika thelathini na nane tangu mwaka juzi.

Tulipomaliza nikasema Mama Faith, urudi bwana, nyumba imekuwa kubwa. Nilisema hivyo kabisa. Akasema, "Baba Faith, nenda Katumba kwanza." Si kwa ukali.


Jumanne, 5 Agosti

Damiano alikuwa sauti ya tatu pamoja na Pacifique, walikuwa wawili tu. Nimemkuta kwenye gereji yake ya baiskeli. Hajui hata mstari mmoja! Anasema karatasi alikuwa anashika tu kwa heshima. "Mimi nilikuwa namfuata Pacifique, Mwalimu. Akipanda napanda, akishuka nashuka. Alipotoka nikapotea."


Alhamisi, 7 Agosti

Nimejaribu kuitunga upya. Meza, soprano kushoto, alto kati, besi kulia. Utukufu nimejaza vipande, havina uhai. Mtakatifu nikafika palepale kwenye neno "mbinguni". Nikaweka so kama nilivyoandika zamani. Nikaipiga kwenye kinanda.

Inagongana. Mtoto wa shule angesikia.

Nikaweka la. Imekaa.

Alikuwa sahihi. Mbele ya watu kumi na tisa alikuwa sahihi, na mimi nilijua palepale kwamba yuko sahihi, ndiyo maana nikasema vile. Hili sijawahi kumwambia mtu. Hata kitubioni nilisema "nilimkasirikia mwenzangu". Padre akanipa Salamu Maria tatu.


Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Muziki sokoni tangu asubuhi. Katarina kanipa namba ya Pacifique. Nimeandika meseji, nikafuta. Nimeandika, nikafuta. Mwisho nimetuma:

"Habari za siku Pacifique. Mimi Mwalimu Salvatori. Parokia ina jubilei, naomba unitumie picha ya ile karatasi ya sauti ya tatu. Ahsante."

Nimeisoma tena baada ya kutuma. Hata samahani hakuna! Mzee mzima. Kama namwagiza chumvi.


Jumamosi, 9 Agosti

Kimya.


Jumapili, 10 Agosti

Kimya. Nimemwambia Agatha nimetuma meseji. Akasema "Meseji!" Akampa simu mtoto.


Jumanne, 12 Agosti

Amejibu. Saa nne asubuhi, nilikuwa namenya viazi.

"Shikamoo Mwalimu. Karatasi ipo. Haitumwi."


Jumatano, 13 Agosti

Elia kauliza tunaendaje. Anasema tunaweza kuimba sauti tatu, watu hawatajua. Kweli hawatajua. Paroko hatajua, Askofu hatajua. Nimekaa na neno hilo tangu mchana. Sauti tatu zinatosha, Salvatori, tulia nyumbani kwako, miguu inauma, Katumba ni mbali.

Nimepiga pasi shati.


Jumamosi, 16 Agosti

Niko Katumba. Naandikia magotini, benchi la nyuma, kanisa la kigango chao. Saa kumi kasoro. Niandike upesi.

Nimefika saa saba na boda kutoka Mpanda, vumbi mpaka kwenye kope. Pacifique hakuwepo. Mkewe kanipokea, hakuniuliza natafuta nini, kaninawisha, kaniwekea ugali wa muhogo na maharage. Nilikula peke yangu huku watoto wake watatu wananiangalia. Mdogo kaniuliza kama mimi ni babu. Nikasema ndiyo.

Akaja na baiskeli. Kanenepa kidogo. Akashuka, akainama: "Shikamoo Mwalimu." Afadhali angenitukana. Marahaba ilitoka kwa taabu.

Akaleta karatasi bila kuombwa. Imekunjwa mara nne vilevile, mikunjo imechakaa imetiwa gundi. Akaifungua mezani lakini kiganja akakiweka juu. Kwenye "mbinguni" kakata so kwa penseli, kaandika la. Nikamwambia, la ni sahihi. Akasema, "Najua."

Nikaanza. Pacifique mwanangu, siku ile mimi... Akanyoosha mkono kunizuia. Hakupandisha sauti.

"Mwalimu, uliniambia hapa nyumbani? Uliniambia kwenye kwaya. Leo saa kumi tuna mazoezi."

Basi tumekuja. Anafundisha yeye. Wameshaingia ishirini na sita, wengine wanaingia bado. Wananisalimia wote, hawajui mimi ni nani, wanaona mgeni mwenye shati la pasi.

Halafu kaingia mama yake. Sikujua kama yupo hai. Mdogo wa umbo, fimbo, kitenge kipya. Haimbi, anakuja kusikiliza tu, kiti chake kiko mbele na hakuna anayekikalia. Pacifique akamwinamia sikioni, Kirundi. Uso wa yule bibi ukafunguka. Akageuka akanitafuta kwa macho, akaniambia kwa Kiswahili: "Ndiwe mwalimu wa Misa ile? Mwanangu anaiimba shambani. Karibu sana baba."

Hakumwambia! Miaka miwili, hakumwambia mama yake. Na huyu bibi ndiye aliyekimbia. Kwa miguu, mwaka sabini na mbili.

Nimemfuata Pacifique pale kwenye kinanda. Nimemwomba taratibu, Mama apumzike nje kidogo, nikimaliza arudi. Akanitazama, hakukasirika.

"Hapa ni kwake, Mwalimu."

Nimerudi kwenye benchi. Sasa anapiga makofi watu wakae. Karatasi kaiweka mbele, juu ya meza, wazi, mtu yeyote anaweza kuiona kutoka hapa. Anasema kabla ya kuanza, mgeni wetu ana neno. Wote wamegeuka. Bibi anatabasamu.

Niandike kwanza nisije nikababaika:

Tumsifu Yesu Kristo. Naitwa Salvatori, nimetoka Kibaoni. Mwaka juzi, mbele ya watu kumi na tisa, mwalimu wenu Pacifique alinisahihisha, na alikuwa sahihi. Mimi nikamwita —